Likizo Ikilipwa Fedha, Kodi Ipo

Serikali ya Kenya ilipokodisha viwanda vya sukari vya Chemelil na Muhoroni kwa miaka 30, mwaka 2025, habari za haki za wafanyakazi zilizuka upya. Miongoni mwa haki hizo ipo moja isiyosemwa sana: fedha za likizo ambayo mtu hakwenda. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi awalipe siku hizo taslimu. Je, zinakatwa kodi?

Zinakatwa. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinayataja waziwazi malipo ya badala ya likizo, pamoja na mshahara, bonasi na marupurupu. Hakibagui serikali na sekta binafsi: nesi wa hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia, na karani wa duka la jumla Kondele wote wamo. (Mvuvi wa Dunga hayumo, lakini ni kwa kuwa likizo yenyewe hana.)

Msamaha ambao watu husoma mitandaoni ni wa India. Huko mtumishi wa serikali anapostaafu, fedha zake za likizo hazitozwi kodi ya mapato hata kidogo. Wengine husamehewa hadi kikomo, kilichopandishwa mwaka 2023 kikafika rupia 2,500,000. Mimi siutamani msamaha unaompendelea mtumishi wa umma kuliko mfanyakazi wa kiwandani.

Hapa kwetu nafuu iko mahali pengine, na wengi huiacha ipotee. PAYE hukatwa kila mwezi, ila kodi yenyewe ni ya mwaka mzima. Chukua mfanyakazi wa shilingi 30,000 aliyeachishwa kazi mwisho wa Mei. Kwa miezi 5 amejikusanyia siku 8 na robo tatu za likizo; tuseme ni shilingi 10,000. Tukiweka kando makato mengine na malipo ya kupunguzwa kazi, kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2023 mshahara wake ulikatwa kodi ya 1,500 kila mwezi. Mei, mapato yalipofika 40,000, kodi iliruka hadi 4,383, maana sehemu ya fedha za likizo ilipanda hadi ngazi ya asilimia 30. Jumla, amekatwa 10,383.

Sasa hesabu mwaka. Kama hakupata kazi nyingine hadi Desemba, mapato yake ni 160,000. Asilimia 10 yake ni 16,000, na nafuu ya mtu binafsi kwa mwaka ni 28,800. Hadaiwi chochote. Zile 10,383 ni zake, lakini hazitarudi zenyewe: lazima ajaze ritani kwenye iTax kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata, kisha aombe kurejeshewa. Aliyepoteza kazi ndiye hasa hudhani ritani hazimhusu tena.

Siku zilizobaki za miaka iliyopita zina hesabu yake. Sheria huzihesabu fedha zake kuwa mapato ya mwaka ule siku zilipopatikana, si mwaka wa kulipwa. Kwa hiyo kabla hujaondoka kazini, dai P9 yako (fomu ya mshahara na kodi uliyokatwa kwa mwaka) na karatasi inayoonyesha siku ngapi ni za mwaka gani. Kiwanda kikishabadilisha mwenyewe, kumpata mhasibu wa zamani ni kazi.