Damu ya kisigino cha mtoto inapimwa vipi?

Akina mama mliojifungua hapa Uingereza mnauliza sana kwa nini mkunga huja siku ya tano kumchoma mtoto kisigino. Wapo wanaodhani ni mambo ya viza. Sivyo kabisa.

Matone manne hukaushwa kwenye karatasi maalumu na kutumwa maabara. Huko hukatwa kipande cha milimita 3 hivi, hurowekwa, na kemikali zilizomo huingizwa kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli. Mashine huzipa chaji ya umeme, huzitenga kwa uzito, huzivunja, kisha hupima vipande. Lakini kujua kemikali ipo haitoshi, lazima ijulikane ni kiasi gani. Kwa hiyo wataalamu huongeza kemikali ileile iliyotengenezwa iwe nzito kidogo, kwa kiasi wanachokijua, kisha hulinganisha. Ni kama jiwe la mizani kule sokoni. Dakika chache tu, na magonjwa kadhaa yameshaangaliwa kwa pamoja.

Chukua ugonjwa uitwao MCADD, unaompata takriban mtoto 1 kati ya 10,000 hapa. Mwili hushindwa kuvunja baadhi ya mafuta ili upate nguvu, na mabaki yake hujaa kwenye damu. Hayo mabaki ndiyo mashine huyaona. Mtoto mwenyewe ananyonya vizuri, na wazazi wote wawili ni wazima. Siku akitapika na kukaa muda mrefu bila kula, sukari hushuka, anaweza kuzimia hata kufa. Nyumbani tungesema degedege, au jicho la watu! Ukishajulikana, tiba kubwa ni kutomwacha na njaa, na kumkimbiza hospitali mapema akiugua.

Sasa suala la simu. Majibu mazuri huja kwa barua baada ya wiki 6 hivi, lakini kukiwa na wasiwasi watakupigia haraka, pengine kwa namba iliyofichwa. Najua wengi wetu hatupokei namba za namna hiyo. Mwezi huo pokea, na omba mkalimani, ni bure. Ukihama, mpe mkunga anwani mpya. Wakitaka damu tena usishtuke, mara nyingi ya kwanza haikutosha.

Na mtoto aliyezaliwa nyumbani akaletwa huku kabla ya kutimiza mwaka anaweza kupimwa pia. Mwambie daktari wako wa mtaani.