Funza Hazaliwi Mguuni

Mvua za vuli zikikatika na Krismasi ikapita, udongo mwekundu wa hapa kwetu Mukurweini, ule uliokuwa ukinata kwenye gambuti mwezi wa Novemba, hugeuka vumbi laini linaloingia hadi kwenye sukari. Kuanzia hapo mpaka mvua ya njahi ianze mwezi wa Machi, hicho ndicho kiangazi chetu. Joto lake si la Mombasa, lakini linawatosha wadudu wa nyumbani kukua upesi na kuzaana mara nyingi zaidi. Nzi hujaa jikoni, kunguni hutembea usiku, watoto huanza kukanyaga kwa visigino. Ndipo mtu huingia agroveti na kuomba “dawa kali.”

Tatizo langu na dawa kali ni mahali inapomwagwa. Hupulizwa pale mdudu mzima anapoonekana, huku mayai na watoto wake wakiendelea kukua kwingine bila bughudha.

Nzi habari yake ni fupi. Mukurweini ni nchi ya maziwa. Kiwanda cha Wakulima Dairy kilijengwa na watu wenye ng'ombe wawili watatu, wanaolishwa zizini nyuma ya nyumba. Samadi mbichi, yenye joto na unyevu, ndiyo nzi jike anayoitafuta. Hutaga mayai kama mia moja kwa mkupuo mmoja, na wakati wa joto yai huwa nzi anayeruka ndani ya siku 7 hadi 10. Samadi ikiondolewa mara mbili kwa wiki, ikaenda kwenye mtambo wa bayogesi au ikarundikwa mbali na jikoni na kufunikwa kwa karatasi nyeusi ya nailoni, mabuu wengi hawafikii siku ya kuota mabawa. Rundo likibaki wazi, dawa ya kupuliza itawapunguza nzi wa leo tu.

Kunguni ni mgumu zaidi. Kwanza, si dalili ya uchafu. Hana mabawa wala haruki, hubebwa. Hurudi na godoro na sanduku la mwanafunzi wa bweni likizo inapoanza, huja na sofa la mtumba, hufika na begi la mgeni kutoka Nairobi. Mchana hujificha kwenye viungo vya kitanda cha mbao, mishono ya godoro, hata nyuma ya kalenda ukutani. Mtoto wake hupita hatua tano kabla ya kukomaa, na kila hatua huhitaji mlo wa damu. Lakini kunguni mzima anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Kwa hiyo kuhamia chumba cha pili kwa wiki mbili ni kujisumbua bure, tena pengine utahama naye.

Hapa pana kejeli inayotuhusu sisi watu wa mlimani. Kenya iliwahi kuongoza dunia nzima kwa kilimo cha pareto, na ni kwa kuiga sumu iliyo katika ua hilo wanakemia walitengeneza dawa za kundi la pairethroidi, ambazo ndizo zimejaa kwenye makopo ya dukani. Kunguni wa sehemu nyingi duniani sasa wameshakuwa sugu kwa kundi hilo. Unawalowesha, wanatembea.

Kinachowaweza ni joto. Nyuzi 50 za Selsiasi na kuendelea, zikidumu vya kutosha, huua kunguni pamoja na mayai yake. Shuka, foronya na mapazia yafuliwe kwa maji ya moto; fremu ya kitanda ifunguliwe, na maji yanayochemka yamiminwe polepole kwenye kila kiungo na ufa. Kuanika godoro pekee hakufai, kwani jua letu hupasha upande mmoja na wao wakahamia wa pili. Baada ya siku kumi hivi rudia kazi yote, maana mayai yaliyonusurika yatakuwa yameanguliwa.

Jambo moja lisilo na mjadala: dawa ya kupe haiingii kitandani. Amitrazi anayoogeshwa ng'ombe imepimwa kwa ng'ombe aliyesimama nje penye hewa, si kwa mtoto aliyejifunika blanketi usiku kucha. Sumu hiyo hupenya ngozi, hupunguza mapigo ya moyo na kumtia mtu usingizi usio wa kawaida. Dawa iliyoruhusiwa kutumika nyumbani huwa na nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya kudhibiti dawa za wadudu, kwenye lebo, na lebo hiyo hiyo hueleza inyunyiziwe wapi.

Sasa tuje kwa funza, ambaye watu hawapendi hata kumtaja. Nzi wakijaa jikoni jirani atacheka nawe. Funza wakikuingia watu husema ukoo wenu una laana. Laana hiyo basi ilipanda meli. Funza ni mdudu wa Amerika, na mwaka 1872 chombo kiitwacho Thomas Mitchell, kikitoka Brazili, kilimteremsha Ambriz katika pwani ya Angola, ndani ya mchanga uliopakiwa kukipa chombo uzito. Kutoka hapo alisafiri na miguu ya wapagazi na wanajeshi, na kabla karne hiyo haijaisha alikuwa amefika Afrika Mashariki. Wagikuyu walikuwa wakizipa rika zao majina ya mambo mazito ya wakati huo; lipo rika lililoitwa Ndutu, yaani funza.

Ni aina ya kiroboto, mwenye urefu wa milimita moja hivi. Dume na jike wote hunyonya damu, ila jike peke yake ndiye hujichimbia kwenye ngozi, kichwa mbele, akiacha ncha ya nyuma nje. Ncha hiyo, ambayo wewe unaiona kama doa jeusi, ndiyo pua yake, choo chake na mlango wa mayai yake. Katika wiki moja au zaidi kidogo tumbo hufura likawa kama punje ya minji. Kwa wiki mbili tatu hudondosha mayai, yapata mia mbili kwa jumla, kisha anafia humo humo.

Mayai hayakai mguuni. Huanguka mtu anapokaa na anapolala, na yakikuta sakafu ya udongo yenye vumbi kavu na kivuli huanguliwa siku chache baadaye. Mabuu hula takataka zilizomo vumbini, hujifungia kwenye vifukofuko vya mchanga, na baada ya wiki tatu au nne hutoka funza wapya wenye njaa. Watafiti waliochunguza vumbi la nyumba zenye wagonjwa nchini Kenya na Uganda wamekuta mabuu hao zaidi ndani ya nyumba kuliko uani, na hasa mahali watu wanapolala. Mvua ya njahi hupunguza vumbi la njiani, lakini hainyeshi chini ya kitanda.

Ukilijua hilo utaona kwa nini viatu peke yake havijamaliza kazi. Watu wema wamegawa viatu vingi, na mtoto avivae shuleni na shambani. Lakini jioni huvivua, akakanyaga vumbi lile lile, akalala juu yake.

Utaona pia kwa nini pini ni tiba mbaya. Pini moja inayozunguka kutoka mguu hadi mguu inaweza kupeleka homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na kidonda chake ni mlango wa pepopunda. Beseni la maji ya zambarau, yaani pamanganeti ya potasiamu, husafisha vidonda lakini kwa kumuua funza ni hafifu. Katika jaribio lililofanywa kwa watoto wa mashambani hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 2014, mguu mmoja wa kila mtoto ulitiwa pamanganeti na wa pili ukapakwa mafuta ya dimetikoni. Siku saba baadaye, funza asilimia 78 upande wa dimetikoni walikuwa wamekufa. Upande wa pamanganeti, asilimia 39. Dimetikoni si sumu. Ni mafuta mepesi ya silikoni yanayopenya kwenye lile doa jeusi na kumziba pumzi. Akishakufa ngozi hujisukuma yenyewe na kumtoa, bila pini. Muulize mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chako kama zahanati inayo.

Hata hivyo mguu uliopona ukirudi kwenye sakafu ile ile, mwezi ujao tutatibu upya. Kwa nyumba isiyo na saruji, anza kwa kunyunyiza maji kabla ya kila kufagia, na taka zichomwe badala ya kusukumwa nje ya mlango. Ziba nyufa na usilibe upya kwa udongo mzito. Vitanda viinuliwe, magunia na nguo kuukuu vitolewe chini yake. Miguu ioshwe kwa sabuni kila jioni na ikaguliwe penye mwanga, kwa sababu funza wa siku ya kwanza ni doa tu na humpati kwa koroboi. Mbwa, paka, nguruwe na panya nao huingiwa, kwa hiyo mbwa anayelala jikoni ni mmoja wa wagonjwa.

Kazi hiyo yote humshinda mzee anayeishi peke yake, asiyeweza kuinama wala kuona vidole vyake vya miguu. Kila tarehe 3 Machi, Siku ya Kitaifa ya Funza, mabeseni hupangwa na wageni hushika miguu ya wazee mbele ya kamera. Sina neno na hilo, lakini ningependa sehemu ya fedha za siku hiyo iende kwenye sakafu. Nchini Rwanda, shirika la EarthEnable hushindilia changarawe na udongo, kisha hupaka mafuta ya kitani yanayokauka na kuwa gamba gumu linalofagilika na kupigwa deki, kwa gharama ndogo kuliko ya saruji. Udongo tunao, na vijana wa kushindilia wapo kila soko. Tukianza na chumba cha kulala tu, nyumba za wazee walio peke yao zikatangulizwa na kazi ikakamilika kabla ya Januari, wakati udongo bado haujageuka vumbi, funza watakaodondosha mayai humo hawatapata pa kuyalea.