"Ile hela tuma kwenye namba hii": kwa nini meseji hii bado inanasa watu, na jinsi ya kujilinda

Kuanzia Mei hivi, alizeti ikishakauka mashambani, hela huanza kutembea wilayani Chemba. Mnunuzi analipa magunia, mkulima analipa vibarua, mwenye gari anadai nauli ya mzigo, na mtoto aliye bweni anasubiri mchango wa shule. Sehemu kubwa ya hela hiyo huioni kwa macho. Inapita kwenye simu.

Ni kipindi hicho hicho inaingia meseji fupi kutoka namba usiyoijua: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Chini yake kuna namba, na mara nyingine jina litakalotokea ukituma.

Utapeli huu ni wa siku nyingi. Karibu kila mwenye simu Tanzania ameshaupata, na bado kuna watu wanalizwa. Tuangalie unavyofanya kazi, halafu mambo ya kufanya leo hii, hata kama simu yako ni ya batani.

Tapeli hakujui

Aliyetapeliwa huwa anajiuliza: "Alijuaje kama nilikuwa natakiwa kutuma hela?" Hapo ndipo lawama zinaanza. Anashukiwa wakala, jirani, hata shemeji.

Mara nyingi tapeli hakujua chochote. Meseji ile ile ameituma kwa namba nyingi zinazofuatana. Ni kama mtu anayetega wavu mtoni: hajui samaki yupi atapita, anajua tu kuna atakayepita. Tuseme imefika kwa watu mia. Wengi hawana hela ya kumtumia mtu, wanaifuta. Lakini mmoja ameahidi kumlipa kibarua jioni hiyo. Kwake yeye meseji imekuja saa yake kabisa.

Angalia neno "ile". Ndilo linalofanya kazi yote. Tapeli hajui ni hela ipi, ila wewe unaijua, na kichwa chako kinamalizia sentensi. Ndiyo maana msimu wa mavuno ni hatari zaidi: watu wenye "ile hela" ya kutuma wanakuwa wengi, na wana haraka.

Dawa yake ni moja. Usijibu meseji wala usipige namba iliyo kwenye meseji. Mpigie mhusika kwa namba yake ya siku zote, usikie sauti yake. Pia kabla hujathibitisha muamala, simu hukuonyesha jina la anayepokea. Soma jina hilo taratibu. Kama si la mtu unayemlipa, katisha. Usikubali maelezo ya "ni laini ya mke wangu" mpaka uyasikie kutoka kwake mwenyewe.

"Nimekosea kutuma, naomba unirudishie"

Huu ni mtego wa pili. Unapata meseji inayofanana na ya muamala kwamba umepokea, tuseme, 85,000. Dakika mbili baadaye anapiga mtu analia: hela ni ya mgonjwa, nirudishie.

Usiangalie meseji, angalia salio. Ingia kwenye menyu ya mtandao wako, *150*00# kwa Vodacom au *150*60# kwa Airtel, uone kama hela imeingia kweli. Mara nyingi hakuna kitu: meseji imeandikwa kwa mkono kutoka namba ya kawaida.

Na kama hela imeingia kweli? Bado usirudishe mwenyewe. Mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake, wao ndio wenye utaratibu wa kurejesha. Aliyekosea kweli atakubali. Tapeli ataanza kukufokea.

Namba ya siri si ya wakala

Hili linawagusa zaidi wazee wetu. Bibi anafika kwa wakala, anampa simu, anasema, "Mjukuu wangu, nitolee elfu ishirini," na namba ya siri anaitaja kwa sauti mbele ya foleni nzima.

Wakala anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Tatizo ni kwamba namba hiyo sasa imesikiwa na watu wanne, na simu ya bibi huachwa mezani mchana kutwa. Wakala hahitaji namba ya siri ya mteja ili kumpa hela. Anachohitaji ni muamala ambao mteja ameufanya mwenyewe.

Kama una mzazi asiyesoma vizuri, kaa naye mfanye mazoezi ya kubonyeza zile tarakimu peke yake. Asitumie mwaka wa kuzaliwa, wala 1234. Hata anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu haruhusiwi kuiuliza. Kumbuka pia, namba rasmi ya huduma kwa wateja kwa mitandao ya simu nchini ni 100. Akikupigia mtu kwa namba ya kawaida na kusema yeye ni "huduma kwa wateja", kata simu, kisha piga 100 mwenyewe.

Je, kuna laini yenye jina lako usiyoijua?

Tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Utaratibu huo ulisaidia, lakini ulileta ujanja mwingine. Msajili asiye mwaminifu anakwambia, "Kidole hakijasoma, weka tena," kumbe kidole cha pili kinasajili laini nyingine kwa jina lako. Laini hiyo ikitumika kutapeli, jina litakalotokea ni lako.

Piga *106# na ufuate maelekezo. Ukiingiza namba yako ya NIDA utaona laini zilizosajiliwa nayo. Ukikuta usiyoitambua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika uombe iondolewe.

Kwenye kompyuta ya steshenari

Maombi ya mkopo wa chuo, ajira za serikali, vyeti: mengi sasa yanafanyika mtandaoni, na wengi wetu tunayafanyia kwenye kompyuta ya steshenari. Kompyuta hiyo inatumiwa na mji mzima. Kabla hujainuka kwenye kiti, fanya haya:

1. Ikikuuliza kama ihifadhi neno la siri, kataa.
2. Toka kwenye akaunti yako. Kufunga dirisha tu hakutoshi, anayefuata anaweza kulifungua akakukuta bado upo ndani.
3. Futa nakala ya kitambulisho au cheti ulichoskani, kisha ukaifute na kwenye pipa la taka la kompyuta.
4. Kama uliunganisha WhatsApp yako ili uprinti kitu, ingia kwenye simu, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uiondoe kompyuta hiyo. Usipofanya hivyo, meseji zako zinaweza kuendelea kusomwa pale.

Ukiwa hapo hapo WhatsApp, washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti. Na zile tarakimu 6 zinazoingia kwa meseji usimpe mtu, hata akiwa rafiki anayesema "zimekuja kwako kwa bahati mbaya". Huenda simu ya rafiki huyo imeshatekwa, na sasa anayeandika ni tapeli anayeitaka yako.

Ukishaibiwa, usikae na aibu

Wengi hunyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Kunyamaza huko kunampa tapeli muda wa kutoa hela. Piga 100 hapo hapo, eleza namba uliyotuma na kiasi, uombe muamala uzuiwe. Hela ikiwa haijatolewa, kuna nafasi ya kuirudisha. Kila dakika ina maana.

Kisha nenda kituo cha polisi uchukue RB, usifute meseji yoyote. Utapeli wa namna hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Hata kama hukuibiwa, usiishie kuifuta ile meseji ya "ile hela". Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 kwa ajili ya kuripoti matapeli. Tuma taarifa huko, pamoja na namba ya tapeli. Wewe umeshaijua, lakini laini hiyo ikifungiwa leo, kuna mama Kwa Mtoro au Farkwa aliyeuza magunia yake asubuhi ambaye meseji hiyo haitamfikia.