Kutu Huanzia Chini ya Washa

Bamba nene lililopakwa rangi huweza kukaa miaka mingi likiwa zima, huku bolti iliyolishika imeshaliwa shingoni. Kutu yataka maji na hewa tu, na chini ya washa na kwenye nyuzi za nati maji hukwama muda mrefu baada ya jua kukausha kila kitu kingine. Wilayani Tarime, kuanzia Nyanungu hadi Nyamongo ulipo mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002, unyevu si adui pekee. Mwamba wenye dhahabu mara nyingi hubeba pia madini ya chuma na salfa, ambayo yakivunjwa na kunyeshewa hutoa asidi. Kwenye matangi ya kuchenjulia hali ni kinyume: maji yenye sayanidi hutiwa chokaa hadi pH 10 au 11 ili gesi ya sumu isitoke. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe bei ya bolti, bali itakaa wapi.

Wengi hujibu kwamba zinki yatosha, maana mabati ya nyumba zetu yamedumu kwayo. Ni kweli kwa hewa na mvua: zinki hukubali kuliwa yenyewe ili chuma kipone, hata mahali palipokwaruzwa. Lakini unene una neno. Bolti ya kung'aa iliyopakwa kwa umeme huwa na maikroni 5 hadi 10 hivi. Iliyochovywa kwenye zinki ya moto, yenye rangi ya kijivu iliyofifia, huzidi 40. Isitoshe, asidi huiyeyusha zinki upesi, na sayanidi nayo huiyeyusha. Kuna njia ya zamani ya kupata dhahabu ambayo unga wa zinki huyeyuka katika maji ya sayanidi na dhahabu ikatengana nayo. Kuweka bolti ya zinki ndani ya tangi la sayanidi ni kulilisha.

Basi tutumie stenlesi kila mahali? Hapana. Mwaka 1985, mjini Uster, Uswisi, dari la bwawa la kuogelea liliporomoka na kuua watu 12, kwa sababu vyuma vya stenlesi vilivyolishikilia vilipasuka kwa klorini huku nje vikionekana vizima. Na anayeona bolti bora ni ghali apime eneo la vyuma vinavyogusana: bolti ya chuma cha kawaida kwenye bamba kubwa la stenlesi huliwa haraka, kwani kidogo hubeba mashambulizi ya kikubwa chote. Bolti na iwe bora kuliko bamba, kamwe isiwe duni. Fundi, kabla ya kukaza, safisha nyuzi na uzipake grisi. Na ukaguzi unapofika, fungua nati moja utazame chini ya washa.