Vuli ya Bwera: ndoana ziko mtoni, samaki wana mayai

HUKO Uingereza, Novemba inapoingia, mvuvi wa trauti mtoni amekwisha kukunja mshipi wake. Trauti wa kahawia hutaga mayai kuanzia Oktoba hivi, kwa hiyo sheria huufunga mto mpaka mwaka unaofuata, na anayekutwa akimvua msimu huo huweza kutozwa faini. Kwetu Kasese na Bwera miezi hiyo hiyo ndiyo vuli. Mvua inanyesha Rwenzori, mito inashuka na rangi ya chai ya maziwa, na vijana wanachimba minyoo migombani kwenda mtoni. Wenzetu wanafunga, sisi ndio kwanza tunafungua.

Trauti mwenyewe si mgeni Afrika Mashariki. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliingiza trauti kutoka Scotland na kuwapandikiza katika mto Gura, milima ya Aberdare, nchini Kenya. Mwaka 1948 kikafunguliwa kituo cha kutotolesha samaki hao pale Kiganjo, karibu na Nyeri. Trauti anataka maji ya baridi, safi, yenye hewa nyingi. Mpeleke Ziwa George, ambalo kina chake kwa wastani ni kama mita mbili na nusu tu na jua linalipiga mchana kutwa, hatadumu.

Samaki wa mtu wa Bwera ni kambale, ngege na kisinja. Huyu kisinja ndiye hasa anayefanana na trauti kwa tabia. Ana magamba makubwa, ndevu fupi mdomoni na nguvu za kukata mshipi. Huishi ziwani, lakini mvua ikijaza mito hupanda dhidi ya mkondo kutafuta mahali penye changarawe atage. Kambale naye hutoka kwenye maji ya kina na kuingia vinamasi na mabonde yaliyofurika, kwa kazi hiyo hiyo. Yaani samaki anayesogea ukingoni wakati wa vuli hakuja kutembea. Amebeba mayai.

Vifaa ni vichache: fito, mshipi wa nailoni, ndoana na chubwi ya kuzamisha. Chambo ni minyoo au donge la posho. Mvuvi mzoefu hatupi katikati ya mkondo. Hutafuta maji yanayozunguka polepole nyuma ya jiwe kubwa au chini ya mti ulioanguka, kwa maana samaki naye huchoka kupambana na mto. Maji ya tope hayamsumbui, kwani kambale hufuata harufu. Mzungu wa trauti ni kinyume: anataka maji maangavu ili samaki amwone nzi wa bandia aliyetengenezwa kwa manyoya ya kuku, na mara nyingi akishampata humrudisha majini. Ukimsimulia mama mwenye watoto sita pale Mpondwe habari hiyo, atakuuliza kama huyo mtu ana akili timamu.

Fito ya aliyerudi

Kwa mtu aliyerudi nyumbani baada ya miaka mingi, ndoana ni mlango wa kwanza. Wapo waliokimbia baada ya waasi wa ADF kuvamia Mpondwe Novemba 13, 1996, na wapo waliozeeka Beni na Butembo wakifanya biashara. Anayerudi hukuta shamba limegawanywa. Mtumbwi unataka leseni na mtaji, na idadi ya mitumbwi katika Ziwa Edward na Ziwa George ina kikomo. Tena mwaka 2017 wanajeshi walianza kusimamia sheria ya uvuvi katika maziwa ya Uganda, na zana zisizoruhusiwa zikachomwa moto. Fito haina gharama hizo.

Lakini mto aliouacha siye anaoukuta. Tuchukue Nyamwamba, unaopita Kilembe na mji wa Kasese kabla ya kuingia Ziwa George. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza uzalishaji mwaka 1956 na kusimama 1982, ukaacha malundo ya mabaki kandokando ya mto. Mvua huyala kidogo kidogo. Uchunguzi wa wanasayansi umekuta shaba na kobalti katika maji na matope ya mto huo. Kisha yakaja mafuriko ya Mei 1, 2013, yaliyoshusha majabali na kuingia hospitali ya Kilembe, na mengine mabaya ya Mei 2020. Leo Nyamwamba mahali pengi ni uwanja wa mawe wenye maji katikati. Samaki atagie wapi?

Nyamugasani na Lhubiriha haikubeba mzigo wa mgodi huo. Ndiyo maana mito hiyo miwili, yenye kumwaga maji Ziwa Edward, inastahili kuangaliwa kwa jicho kali zaidi. Anayeiharibu si kijana mwenye ndoana moja. Ni yule anayeziba mto kwa nyavu au uzio wa matete kutoka ukingo hadi ukingo, na yule anayetwanga utupa na kuumwaga majini. Wa kwanza hukamata kila kisinja anayepanda. Wa pili huua na vifaranga.

Wa sokoni wanahusikaje?

Mfanyabiashara wa Mpondwe anaweza kusema hayamhusu, kwa sababu samaki wa ndoana huishia katika sufuria ya nyumbani. Mzigo unaovuka kwenda Kasindi ni mwingine: dagaa wa mukene na kayabo, yaani sangara aliyekaushwa kwa chumvi, ambaye Wakongo humwita makayabu. Sangara huyo anatoka mbali. Ziwa Edward halina sangara, kwani maporomoko ya mto Semliki yamemzuia kupanda kutoka Ziwa Albert. Hilo limewanusuru samaki wa asili wa Edward na George, lakini lina maana pia kwamba wakipungua hao, ziwa halina samaki mwingine mkubwa wa biashara wa kujaza kreti za Katwe na Kayanja. Kisinja jike mmoja hubeba maelfu ya mayai. Akinaswa Novemba kabla hajataga, mtumbwi wa miaka ijayo umekwisha kupungukiwa.

Basi tufunge mto kama Waingereza? Tanzania ilijaribu jambo kama hilo mwaka 2024, iliposimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Hapa kwetu kuna kikwazo. Lhubiriha ndio mpaka: tangu mapatano ya Waingereza na Wabelgiji ya 1915, mstari unafuata mto huo kutoka Ziwa Edward kupanda mlimani. Ukimkataza mtu wa Bwera, wa Kasindi bado amesimama ng'ambo, hatua chache, na fito yake. Ziwani ni vivyo hivyo. Kongo ina zaidi ya theluthi mbili za Edward, na wavuvi wa Uganda wamekamatwa mara kwa mara kwa kuvuka mstari usioonekana. Kufunga upande mmoja ni kumpa jirani samaki bure.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kuwanyima ndoana watu wasio na mtumbwi kungekuwa uonevu. Kinachowezekana ni kidogo zaidi, na kinaweza kuanza bila Kampala wala Kinshasa: viongozi wa Mpondwe na Kasindi, wanaokutana kila mara kwa mambo ya soko, wakubaliane kwamba hakuna uzio wala wavu wa kukinga mto Oktoba hadi Desemba. Sumu imekwisha katazwa, inabaki kukamata. Wanawake wa samaki wa pande zote mbili wangesaidia zaidi ya askari, kwa kukataa kununua kisinja mwenye tumbo la mayai katika miezi hiyo.

Kwa anayekwenda mtoni vuli hii: sehemu za chini za Nyamugasani na Lhubiriha zinapita katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na kuvua humo bila kibali ni kesi. Baki juu, upande wa vijijini. Mvua ikianza kupiga mlimani ondoka, hata kama kwako kuna jua, maana maji hushuka ghafla. Na walio karibu na ziwa wakunje mshipi kabla ya magharibi. Saa hiyo kiboko anatoka kwenda malishoni, na njia yake ni huo huo ukingo.