Bandama: Kutibiwa Bila Kupasuliwa Tumbo



Hapa Nyarugusu, na katika vijiji vya Kasulu na Kibondo, ni wachache wasiomjua mtoto aliyevimba bandama kwa malaria. Lakini yapo maradhi mengine ya bandama yasiyoonekana kwa macho: ya mishipa yake ya damu. Ukuta wa ateri inayolipelekea damu huweza kudhoofika mahali pamoja, ukatuna kama puto. Hali hii huonekana zaidi kwa wanawake, hasa waliozaa mara nyingi. Uvimbe huo ukipasuka wakati wa ujauzito, mama na mtoto wote wamo hatarini.

Zamani tiba ilikuwa kupasua tumbo, na mara nyingi kuliondoa bandama lenyewe. Aliyeondolewa huishi, ila amepoteza kichujio cha vimelea vya malaria na bakteria, na kila homa kwake ni jambo la kuwahi hospitali. Kwa mkaazi wa nchi yenye mbu kama yetu, hasara hiyo si ndogo.

Leo ipo tiba radiolojia. Kwa ganzi ya mahali pamoja, daktari hutoboa tundu dogo kwenye kinena au kifundo cha mkono, akapitisha mrija mwembamba ndani ya ateri, akiufuatilia kwa eksirei hadi penye uvimbe. Hapo huacha nyaya ndogo zilizojikunja, zikauziba. Bandama huendelea kupata damu kwa mishipa mingine midogo. Maumivu na homa huweza kufuata kwa siku chache, na pengine sehemu ya bandama hufa. Kwa hiyo mgonjwa hufuatiliwa. Anayevuja damu kwa kasi huenda bado akahitaji kupasuliwa.

Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walianza kuwafundisha madaktari wetu kazi hii Muhimbili, na mwaka 2019 chuo cha MUHAS kikaanzisha shahada yake ya uzamili.

Lakini Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na mkimbizi huhitaji rufaa pamoja na kibali cha kutoka kambini. Basi tusichelewe. Maumivu ya ghafla chini ya mbavu za kushoto, kuzimia, kutapika damu au kupata choo cheusi: mgonjwa asikandwe tumbo wala kuchanjwa chale, apelekwe hospitali. Na daktari aulizwe: je, bandama laweza kubakizwa?

Sisi wa kamati za misikiti tumezoea kuchangisha sanda. Tuanze, inshaallah, kuchangisha nauli.