Gofu Ilirudi, Mbeba Mfuko Akabaki Kishushe

Watu wengi wa pwani wakisikia gofu husema huo ni mchezo wa wazungu na wakubwa, wala hauwahusu. Hata mimi nilikuwa na fikira hiyo, ijapokuwa dada yangu ameolewa na mtu aliyelea watoto watano kwa mchezo huo huo. Mwamu wangu si mchezaji. Yeye ni kedi, mtu wa kubeba mfuko wa fimbo, na kazi hiyo aliifanya katika uwanja mmoja wa Mombasa kwa zaidi ya miaka 20. Kwao ni Kishushe, nyuma ya milima ya Taita, mahali penye jua kali, ndovu wasioheshimu ua la mtu, na chuma chini ya ardhi.

Nilimtembelea huko Ijumaa, tarehe 26 Machi, 2021. Nilimkuta chini ya mti, amevaa kofia yake ya kazi, simu ameiegemeza kwenye kopo. Picha ilikuwa ikikwama kwama, lakini yeye hakubanduka.

"Karibu, mwamu," akaniambia bila kuinua macho. "Keti. Leo ni siku ya mwisho kule Karen."

Kumbe alikuwa akitazama mashindano ya Kenya Savannah Classic katika uwanja wa Karen, Nairobi. Hapo ndipo nilipopata darasa ambalo sikulitarajia.

Msomaji atakumbuka kwamba mashindano ya gofu ya Kenya Open ni ya zamani. Yalianza mwaka 1967, na hata Seve Ballesteros wa Hispania, aliyekuja kuwa bingwa mkubwa duniani, aliyashinda mwaka 1978. Mwaka 2020 yalikuwa yachezwe Karen kuanzia tarehe 12 hadi 15 Machi. Siku chache kabla yakaahirishwa kwa sababu ya korona, na tarehe 13 Machi serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Mwaka ule ukapita bila Kenya Open.

Yaliporudi, tarehe 18 Machi, 2021, yalirudi kwa namna ya ajabu. Watazamaji hawakuruhusiwa. Justin Harding wa Afrika Kusini alishinda kwa mikwaju 21 chini ya kiwango cha uwanja, na hapakuwa na umati wa kumshangilia. Tena, kwa vile wachezaji wa kigeni walikuwa wamekwisha kuja na kupimwa, yakaongezwa mashindano ya pili pale pale, yaanze Jumanne na kumalizika Ijumaa. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyatazama mwamu wangu.

"Usimtazame anayepiga," akanifundisha. "Mtazame yule aliyesimama pembeni na mfuko. Yeye ndiye anayejua kutoka hapa hadi shimoni ni yadi ngapi, upepo unatoka wapi, na majani yamelalia upande gani. Mchezaji akikosea, ni kosa la kedi. Akipatia, ni hodari wa mchezaji."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Akaniambia kwamba wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa hapa Kenya walianza kwa kubeba mifuko ya watu. Bado hakuna Mkenya aliyewahi kushinda Kenya Open. Aliyekaribia sana ni Jacob Okello mwaka 1998, alipofungana na Ricardo González wa Argentina, akashindwa kwenye shimo la ziada.

Nikamwuliza, basi mbona yeye yuko Kishushe ilhali gofu imerudi?

Akanieleza kisa chake. Kedi hana mshahara. Hulipwa kwa raundi: mfuko ukibebwa, pesa zipo; usipobebwa, hakuna. Uwanja ulipofungwa mwaka 2020, hakuna aliyemfukuza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwajiri. Tarehe 6 Aprili Rais akatangaza kwamba kuanzia jioni ya tarehe 8 hapana kuingia wala kutoka Mombasa, Kwale na Kilifi. Mwamu wangu alikuwa na siku mbili za kuamua: abaki Mombasa na kodi ya nyumba asiyoweza kuilipa, au arudi kwao. Akapanda gari na mkewe na watoto, na godoro juu ya paa.

Njia zilipofunguliwa mwezi wa Julai, alishuka kutafuta kazi. Akakuta wachezaji wamezoea kuvuta mifuko wenyewe kwa vigari vidogo, wakiogopa kusogeleana na mtu. Wengine walimsalimu kwa mbali, kwa adabu, wakapita. Akarudi Kishushe kupanda nyanya.

"Siwalaumu," akasema. "Maradhi yalikuwa maradhi. Hata misikiti ilifungwa, na ilipofunguliwa tuliingia kwa hesabu, watu mia tu kwa saa moja. Lakini kule Marekani niliona jambo moja likaniuma."

Jambo hilo ni hili. Tarehe 12 Machi, 2020, mashindano makubwa ya The Players, huko Florida, yalivunjwa baada ya siku moja tu. Wakuu wa mchezo wakagawa nusu ya zawadi kwa wachezaji wote 144, kila mmoja karibu dola 52,000, kwa kazi ambayo haikumalizika. Gofu ya huko ikarudi tarehe 11 Juni mjini Fort Worth, Texas, watu wakipimwa na viwanja vikiwa vitupu. Daniel Berger akashinda na kupata dola milioni 1.35. Kwa desturi, mshindi humpa kedi wake kama asilimia 10.

"Sioni vibaya wakipata," akasema mwamu. "Ila waliona kwamba mchezo ukivunjika, mtu bado anakula. Huku kwetu, nani aliona hivyo kwa mbeba mfuko?"

Sikuwa na jibu. Akainama, akaokota jiwe jeusi, akanitia mkononi. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhania. "Hicho ni chuma cha Kishushe," akasema. "Sisi hukikanyaga tu. Faida yake huonekana kikishapita mikononi mwa wengine."

Tukaenda kuswali Ijumaa. Tuliporudi zilitukuta habari mbili pamoja. Ya kwanza, Daniel van Tonder wa Afrika Kusini ameshinda kule Karen baada ya mashimo ya ziada. Ya pili, Rais ameifunga tena Nairobi na kaunti nne nyingine. Ibada za kukusanyika na michezo vimesimamishwa humo. Gofu ya kulipwa ilirudi, ikamalizika, na mlango ukafungwa nyuma yake siku ile ile. Mwamu wangu alizima simu, akachukua jembe.

Mwezi wa Machi, 2022, Kenya Open ilichezwa Muthaiga, na watazamaji wakarudi. Magazeti yalisema mchezo umerudi kamili. Mimi nilimkumbuka mtu wa Kishushe. Sasa hushuka Mombasa siku za mashindano tu, akipata mfuko. Siku nyingine yumo shambani akikesha na ndovu.

Dini yetu imetufundisha kumlipa mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka. Wengi wetu twaijua amri hiyo, na wachache twaifuata. Lakini janga lile lilileta swali jingine: jasho ambalo halikupewa nafasi ya kutoka, nani atalilipa? Naona jibu si gumu. Katika kila ada ya mchezo, shilingi chache zikiwekwa kando katika mfuko wa makedi, siku ya kufungwa isingemkuta mtu mikono mitupu. Mwenye kumudu fimbo za bei ile hashindwi na hilo.

Nilipoagana naye nilimwuliza kama angependa mwanawe afanye kazi yake. Alifikiri kidogo.

"Ajifunze gofu," akasema. "Lakini mfuko abebewe yeye. Na siku uwanja ukifungwa, amkumbuke aliyembebea."